Kiti Kilichoachwa Wazi Karibu na Mume Wangu

Basi si filamu iliyotuharibia Krismasi. Nimelifikiria tena na tena, na nimekubali. Ni kile kiti.

Leo ni Alhamisi, Januari 1996, Migori. Jua limewaka tangu asubuhi na vumbi la barabarani limeingia mpaka kwenye bakuli la sukari. Siku nyingine ningelalamika. Leo hata vumbi naliona limekaa mahali pake. Moyo wangu umetua, na nataka kuandika umetuaje, maana kurasa zilizotangulia nimezijaza huzuni bila kuthubutu kueleza kisa chenyewe.

Nianze na mume wangu, kwa kuwa napenda kuanza na yeye. Ouma ana kibanda cha kutengeneza redio na televisheni hapa sokoni. Tulioana Agosti. Mpaka leo nikisikia anapiga mluzi akirudi nyumbani, naacha sufuria motoni na kukimbilia kioo. Wenzangu niliosoma nao sekondari walinionya kwamba hali hiyo huisha baada ya mwezi mmoja. Bado nangoja iishe.

Krismasi tulikwenda kwetu, upande wa Rangwe, mara ya kwanza tangu harusi. Ouma alitaka kuwapelekea wazazi wangu kitu ambacho hakuna mkwe mwingine wa kijiji kile amewahi kupeleka. Akafunga televisheni ndogo kwenye blanketi, akafunga deki ya video, akabeba betri ya gari na kisanduku alichounda mwenyewe cha kugeuza umeme wake. Kaseti alipewa na mteja. Kwenye kasha palikuwa na nyumba iliyofunikwa theluji, mshumaa dirishani, na neno la Krismasi kwa herufi za dhahabu. Hatukuitazama kwanza. Alisema anataka tuione sote kwa pamoja, na mimi nikaona jinsi anavyopenda watu wangu, nikayeyuka.

Sasa kiti.

Kwetu, mama mkwe, yaani maro, na mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Husalimiana kwa mdomo, kila mmoja upande wake wa chumba. Hawapeani mikono. Hawaketi bega kwa bega. Si chuki, ni heshima iliyojaa mpaka juu. Kwa hiyo alasiri ile watu walipojaa sebuleni, Ouma alikalishwa kwenye kochi karibu na deki, na kiti cha pembeni yake kikaachwa wazi ili asibanwe na mtu. Nilikuwa nimemnong'oneza kwamba nikimaliza kugawa soda nitakuja kuketi pale. Mama alikuwa jikoni, nje, na alikuwa amesema hana haja ya picha.

Mapazia yakafungwa. Dirisha lisilo na pazia likafunikwa leso. Filamu ikaanza.

Hakukuwa na malaika wala wachungaji. Kulikuwa na kijiji cha nyumba ndefu zilizopinda kama zinazotaka kuanguka, miti mitupu, mnara wa kanisa uliovunjika shingo, na kinanda kilicholia polepole kama cha mazishi. Watu wake ni wanasesere wa udongo na waya, macho makubwa, mashavu yaliyobonyea. Baba aliuliza kama ile theluji ni unga wa muhogo. Jirani yetu mmoja mzee akasema, "Krismasi gani hii ambayo watu wamekonda hivi?" Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka, kwa sababu makaburi yalianza kufunguka.

Nadhani ni kile kimya kilichomvuta Mama. Alitoka kwenye jua kali la uani akaingia gizani, haoni kitu, akapapasa, akapata kiti kitupu, akaketi.

Ouma alidhani ni mimi.

Mimi nilikuwa nyuma ya chumba nikitafuta kifungua chupa ambacho Baba alikuwa amekikalia.

Kwenye filamu, familia imekaa mezani, mkate katikati. Kinanda kikanyamaza. Halafu mkono wa mifupa mitupu ukatokea chini ya meza, taratibu, kidole baada ya kidole, ukaushika ule mkate. Chumba kizima kikapiga kelele. Mama akashika kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa mkono wa mume wangu. Na mume wangu, masikini, akaufunika kwa mkono wake wa pili, akaupapasa, akasema kwa sauti ile tamu ambayo nilidhani ni mimi peke yangu ninayeijua, "Usiogope, mpenzi. Niko hapa."

Mtu akavuta leso dirishani. Mwanga ukaingia.

Siwezi kueleza nyuso zao. Nitasema tu kwamba Mama aliinuka, akatoka bila kugeuka, akaingia jikoni na kufunga mlango. Ouma alizima deki. Baba alianza kuzungumzia mvua. Nilipomfuata mpaka mlango wa jikoni nikasikia Mama anatweta na kukwama pumzi ndani, kama mtu anayelia huku amejiziba mdomo. Nikarudi bila kubisha. Tuliondoka kabla chakula hakijapakuliwa, na Mama hakutoka kutuaga.

Tangu siku hiyo Ouma hakupiga mluzi. Aliniambia mara moja tu, na hakurudia: "Sitaukanyaga ule uwanja mpaka maro mwenyewe aniite." Nilijua anamaanisha. Nilijua pia kwamba nikienda kwetu bila yeye, wiki moja haitapita kabla watu hawajaanza kuuliza, na wazee wakishaanza kuuliza, jambo dogo la gizani linakuwa kesi. Wiki zikapita bila neno kutoka Rangwe. Nilikuwa nikiamka najiuliza kama Mama amesema kwamba nimeolewa na mtu asiye na adabu.

Nikiri kitu hapa, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia. Niliichukia ile filamu. Niliitaka ichomwe.

Lakini Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, nilimwomba Ouma aniwekee pale kibandani. Nilitaka kumjua adui yangu. Alinipa kigoda, akaweka kaseti, akanigeuzia mgongo na kujifanya anachomelea redio ya mtu. Nikaitazama mpaka mwisho.

Jamani.

Hadithi yenyewe ni hii. Katika kijiji kile, usiku wa kuamkia Krismasi, kila nyumba huweka kiti kimoja zaidi mezani kwa ajili ya mtu wao aliyefariki mwaka huo. Bibi mmoja, aliyekuwa akitengeneza mishumaa, anatoka kaburini kwenda kutafuta kiti chake. Ule mkono wa mkate ni wake. Hakuja kumtisha mtu, alikuwa na njaa. Lakini kuna sharti: akimgusa aliye hai, aliye hai anageuka nta. Kwa hiyo anapita nyumba kwa nyumba mikono ameificha ndani ya shali yake, akiomba msamaha kwa kila mlango anaoufungua, na watu wanakimbia. Viti anavyoviona vina wenyewe. Chake hakipo.

Mara ya kwanza niliona mifupa tu. Mara hii niliona kwamba anayeogopa zaidi katika filamu nzima ni yeye. Anaogopa kuwadhuru. Hata giza lile, ambalo pale nyumbani nililiona ni la kishetani, nikaligundua: nyumba za walio hai zote zina rangi ya majivu, na kitu pekee chenye rangi ya joto ni mshumaa anaoubeba marehemu. Aliyetengeneza filamu ameligeuza jambo kichwa chini makusudi. Na theluji haimshikilii bibi yule kwenye mabega, inamwangukia na kuyeyuka, kana kwamba yeye ndiye mwenye damu.

Nikaona jambo jingine, na kwa hili najisifu kidogo. Nilimwomba Ouma asimamishe picha. Nilikuwa nimeona shali ya bibi ikitetemeka hata pale anaposimama tu bila upepo wowote. Ouma aliacha redio akaja. Akanieleza kwamba filamu kama hii haichorwi. Mwanasesere anasogezwa kidogo, anapigwa picha, anasogezwa tena, anapigwa picha, hivyo hivyo mpaka atembee. Shali inatetemeka kwa sababu vidole vya mtu vimeigusa kati ya picha na picha. Tukasogea karibu na kioo cha televisheni, na kweli, shavuni mwa bibi palikuwa na alama ya dole gumba.

Tukatazamana. Bibi ambaye haruhusiwi kugusa mtu yeyote, mwenyewe ameguswa katika kila picha. Hakuna hatua aliyopiga bila mkono wa mtu. Niliposema hivyo Ouma aliendelea kuitazama ile alama ya dole, na sikujua kama anafikiria filamu au anafikiria Rangwe. Nilifikiria vyote viwili. Nilifikiria jinsi Mama alivyokuwa akimwachia Ouma paja la kuku kila alipokuja enzi za uchumba, akilituma kwa mkono wa mwingine, yeye mwenyewe asionekane. Nilifikiria jinsi Ouma alivyopita karibu na jikoni ya Mama, akainamisha kichwa kwa mlango mtupu. Ukiondoa ile alasiri ya gizani, watu wawili hawa hawajawahi kuketi pamoja, na hakuna siku waliyoacha kushughulikiana.

Mwisho wa filamu sitauandika. Sababu itaonekana.

Leo asubuhi alifika Shangazi Pilista, dada yake Baba. Yeye ndiye aliyekuwa jagam wetu, mshenga aliyenikutanisha na Ouma, na huja Migori kuuza omena, wale dagaa wa ziwani. Ouma alikuwa hajaondoka. Alipomwona mlangoni alisimama kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Shangazi hakutuonea huruma. Aliomba maji, akanywa. Aliomba chai, akalalamikia vumbi kwenye sukari. Akaniambia nimekonda. Akamuuliza Ouma kama nyumbani kwao hakuna viti, mbona amesimama. Mwishowe nikashindwa.

"Shangazi, Mama anasemaje?"

"Mama yako amenichosha," akasema. "Siku ile ya Krismasi nilipoingia kupakua chakula nilimkuta jikoni amejaza leso mdomoni, anacheka mpaka moshi umemwingia kifuani. Namwambia wageni wanaondoka, anasema, nitatokaje? Nitamtazamaje mkwe wangu machoni huku nacheka? Nitamwaibisha mtoto wa watu."

Alikuwa anacheka. Kile nilichokibeba moyoni wiki zote hizi kama kilio, kilikuwa kicheko.

"Sasa wiki hizi zote mbona hakutuma neno?" nikauliza.

"Angemtuma nani, nyathina, mwanangu? Jambo la maro na mkwe linapitia kwa jagam, na jagam alikuwa na malaria. Mlidhani nimekuja kuuza omena tu?" Kisha akamgeukia Ouma, akakohoa, akakaa wima kama anayetoa ujumbe rasmi. "Maro wako anasema aliogopa kweli, na mkono alioupata ulikuwa wa mtu mwema. Anasema usizoee."

Ouma aliketi pale pale sakafuni. Alicheka mpaka akafuta macho, na mimi nikacheka kwa sababu yake, na Shangazi akatutazama kama watu waliochanganyikiwa, akaongeza sukari.

"Sasa bado ana shida moja tu," akaendelea. "Kila nikipita kwake ananiuliza. Yule bibi wa mifupa alipata kiti chake?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na mwisho wote tayari kwenye ulimi, mpaka ile chai ya kwenye filamu iliyosukumwa mezani bila vidole kukutana, mpaka mshumaa wa mwisho. Shangazi akaniwekea kiganja usoni.

"Nyamaza hapo. Nimekatazwa kubeba mwisho. Anasema mkwe wake ameuleta ule mwanzo, na yeye ndiye atakayeuleta mwisho. Ameshatenga kigoda chake cha kuweka mlangoni."

Amemwita. Mwenyewe, kwa mdomo wa jagam, kama inavyotakiwa.

Shangazi ameshakwenda sokoni. Ouma yuko kibandani anachaji betri, na kutoka hapa nilipo nasikia mluzi. Nimekwenda kujitazama kwenye kioo, nimerudi, na bado natabasamu kama mjinga.

Tutakuja, Mama, kabla mwezi huu haujaisha. Tutakula chakula tulichokikimbia. Na safari hii hakuna pazia litakalofungwa mpaka kila mtu awe ameketi mahali pake.