Sahani ya Ancha

Mocímboa da Praia, 4 Juni 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mjomba na watu wa Mtwara hawajambo? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Simu inakatika kila nikitaka kukwambia neno la maana, basi nampa barua hii Sadique, anakuja huko kununua nguo.

Mama, kikundi chetu cha wanawake kimekua. Sokoni samaki sasa wanafungwa kwa majani ya mgomba, na mtu akija bila kikapu anaona haya mwenyewe. Maganda wanakula bata wangu, wamenenepa kama wakubwa wa serikali. Kinachonishinda ni sherehe. Kila harusi ni sahani za kutupa, na asubuhi zimenasa mikokoni, nyeupe, ukiziona kwa mbali unadhani ndege yangeyange wamelala. Nikaropoka mbele ya bairro nzima, mtaa wote, kwamba siku ya Maulidi haitatupwa sahani hata moja. Nikishindwa watanicheka, na mifuko ya plastiki itarudi sokoni kesho yake.

Nimekumbuka sahani za bati za chama chenu, zile zilizokuwa zikizunguka nyumba kwa nyumba. Mlizifukia siku tuliyokimbia vita. Wapi, mama?

Binti yako,
Zuleica


Mtwara, 21 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mguu unauma ukitaka, unaacha ukitaka. Mjomba wako anakusalimu, na anawaulizia hao bata.

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kujibu. Sahani zile naziota. Naziota zinaoshwa huko huko chini ya udongo, nazisikia zinagongana, na Ancha jirani yetu anazihesabu, anakosea, anacheka, anaanza upya. Kisha naamka, niko Mtwara. Unajua Ancha alipotelea njiani, hata kaburi lake hatulijui. Naogopa mkizitoa, ndoto itakwisha, nami sina pengine pa kumwona.

Lakini umeniomba wewe. Chimba nyuma ya jiko, pale ulipokuwa mtungi wa maji.

Mama yako,
Chamima


Mocímboa da Praia, 15 Julai 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Tumezitoa! Zilikuwa zimelala salama, utadhani tulizizika jana. Tuliimba tukizitoa, ungetusikia.

Kwenye vitako zilikuwa na rangi za kucha, alama za nyumba: mstari mwekundu, msalaba wa kijani, doa la buluu. Watu wakaanza kugombana, hii yetu, hii yenu, na nyingine hazina wa kuzidai. Nikaona bora tuzisugue zote kwa mchanga na majivu. Sasa hazina mwenyewe, ni za bairro nzima. Zinang'aa, mama! Niambie umefurahi.

Binti yako,
Zuleica


Mocímboa da Praia, 20 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Sadique amerudi mara mbili mikono mitupu. Anasema ulisoma barua yangu, ukaikunja, ukaingia ndani.

Jana Zainabo, binti wa marehemu Ancha, alikuja jikoni. Alizigeuza sahani moja moja, akaziangalia vitako, akaondoka bila kuaga. Ndipo nikajua doa la buluu lilikuwa la nani. Mimi ninayezunguka nikihubiri watu wasitupe kitu, nimemtupa mama wa watu kwa mchanga na majivu. Maulidi yamekaribia na sina raha nayo. Nitukane, lakini niandikie.

Zuleica wako


Mtwara, 9 Septemba 2024

Mwanangu Zuleica,

Marahaba, na mguu haujambo. Nilikasirika, sikufichi. Ndoto nazo zikaacha, nikawa nalala kama gogo, naamka na huzuni.

Juzi Ancha akanijia. Hakuwa akihesabu. Alisimama mlangoni akaniuliza, "Chamima, yangu iko wapi?"

Niliamka nikakumbuka. Jioni ile, kabla hatujakimbia, alituletea mikate ya kumimina. Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu, nikasema nitapika kesho. Kesho yake nikaifunga kwenye kapulana, kitambaa changu cha kujifunga, pamoja na mikate, ndiyo tuliyokula porini. Miaka yote hii nafunikia unga kwa sahani hiyo, wala sikuwahi kuigeuza. Nimeigeuza. Doa lipo, la buluu.

Sadique anakuletea. Nimeijaza visheti. Mpe Zainabo, mwambie ni ya mama yake, imechelewa tu. Na siku ya Maulidi mtu ale ndani yake, msije mkaitundika ukutani.

Nimekusamehe, mwanangu. Nyumbani naogopa kurudi, hilo nalo sikufichi.

Mama yako,
Chamima


Mocímboa da Praia, 20 Septemba 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Siku ya Maulidi watu walikula wakashiba, tukaosha sahani mpaka alfajiri. Kulipokucha nikashuka mikokoni, nikaona vitu vyeupe, nikadhani ni sahani. Nikapiga makofi. Yangeyange wakaruka.

Zainabo alilia, kisha akala visheti vyote peke yake. Sahani ameijaza tena, mikate ya kumimina, anasema mama yake hakurudisha sahani tupu hata siku moja. Sadique anakuletea. Sasa zamu ni yako, mama, na ikirudi huku Zainabo hataki ipite kwa Sadique, anataka uilete mwenyewe.

Tumekuwekea mtungi wa maji pale pale, nyuma ya jiko.

Binti yako,
Zuleica