Kawira Amejua Kabla Yangu

Jumatano, Kiirua

Kumbe hata watoto wa kidato cha pili wanajua, mimi ndiye sijui!

Leo kwenye Kiingereza nilifundisha noun clause, kishazi nomino. Kila mmoja aandike sentensi inayoanza "I know that". Nilitarajia yale ya kawaida, najua kwamba mvua itanyesha, najua kwamba ng'ombe wetu atazaa. Kawira akaandika, kwa Kiingereza safi, kwamba anajua mwalimu wao ataachishwa kazi muhula ukiisha, kwa sababu serikali imeleta mwingine.

Mama yake ndiye huwapikia chai watu wa bodi ya shule, wale walioniajiri. Wao huongea mbele yake kana kwamba hana masikio.

Nilimpelekea mwalimu mkuu daftari. Hakukana. "Madam, tulikuwa tunatafuta siku nzuri ya kukuambia."

Siku nzuri! Miaka sita nimefundishia bodi hii, na jana tu alinipa zamu ya wikendi huku akicheka. Sasa nyumbani nitasema nini, hata sijui...

Nimerudia ile sentensi na kalamu nyekundu mkononi, nikitafuta kosa hata moja. Sikupata. Nimemwekea tiki.