Papa, Barua ya Dalali Naitoa

Padri wetu, shefu wa kata, wazee mliofanya kazi ya reli pamoja na Papa, mama zetu, ndugu wote mliokuja kuondoa matanga: mniwie radhi. Nitakayosoma nimemwandikia yeye, ila yanawahusu.

Papa,

Siku arobaini zimepita na wenzako wa reli hawaji tena kunywa chai. Mama bado anapika chakula cha watu watatu. Tuko wawili. Juzi mzee mmoja aliniita kutoka ng'ambo ya barabara: "Mwalimu! Papa yako alitulisha karatasi. Tuzipike na majani ya sombe?" Akacheka. Mimi sikuweza.

Karatasi ni zile hisa za kampuni ya kugandisha samaki. Dalali aliketi barazani kwetu akasema, "Papa, hii njo sawa na makuta, pesa ya mfukoni. Siku unataka, unauza." Wazee walinunua kwa kuwa wewe ulinunua wa kwanza. Mpaka leo hakuna anayezipokea. Umekufa ukingali unatafuta mnunuzi.

Nilikwenda kwa avoka, wakili. Alinieleza kwamba hisa kukosa mnunuzi si kosa la mtu. Kosa ni kudanganywa kabla ya kununua. Tunaweza kuiomba mahakama ivunje mauzo, au kumshtaki dalali kwa utapeli na kudai fidia humo humo. Kisha akauliza: "Ahadi hiyo iko wapi kwa maandishi?"

Iko, Papa. Niliikuta katika barua ndani ya misale yako, kitabu chako cha misa, mwandiko wa dalali mwenyewe: hisa zitauzika wakati wowote. Chini anakushukuru kwa kumletea wazee, na kusema baiskeli yako imepakiwa kwenye treni ya Kabalo.

Baiskeli ile. Ulituambia umeinunua. Jumapili ulinibeba nyuma, mtu mzima mimi, tukacheka hadi Mama akafunga mlango kwa haya.

Majuma matatu nimekaa na barua hiyo peke yangu. Nilishika mkasi nikate sehemu ya chini. Nikaona nitakuwa ninawauzia wazee karatasi nyingine. Naamini nawe ulidanganywa. Anayejua hanunui wa kwanza. Lakini naamini tu, Papa. Sina wa kumuuliza.

Pumzika. Nakuahidi sitakutetea kwa uongo, wala hutatajwa mahakamani nami sipo.

Wazee wangu, uamuzi ni huu. Jumatatu asubuhi barua inakwenda kwa avoka ikiwa nzima. Kila aliyenunua alete hisa na risiti zake, atie saini katika mashtaka ya pamoja, na asimrudishie dalali hisa hizo kwa bei ya kutupa, hata akija kumbembeleza. Na anayetaka jina la Papa liandikwe katika mashtaka pamoja na la dalali, asimame sasa, mbele ya Mama. Nitaliandika kwa mkono wangu.