Grisi Kwenye Mtungi

Jumatatu, 3 Machi
Baiskeli tatu asubuhi. Minyororo yote mikavu. Nimepaka mafuta, nimekaza breki. Mteja mmoja kaniita Pius. Tulifanana. Sikumsahihisha.
Wiki ya sita tangu mdogo wangu Pius afe ufukweni, kabla nyambizi aliyoiunda haijagusa maji. Alifungua mtungi wa oksijeni, moto ukatoka kwenye geji. Watu wanasema ziwa lilimkataa.

Jumatano, 5 Machi
Nimemsindikiza Masalu Mirongo kununua geji mpya. Nyambizi waliiunda pamoja, yeye na Pius, ili wakague vizimba vya samaki kwa chini. Anataka kuimaliza. Muuza gesi akaona mikono yangu.
"Mzee wangu, usiguse! Oksijeni ya presha na mafuta havikai pamoja. Ukifungua tu, vinawaka bila kiberiti."
Masalu akacheka. "Huyu hata ugali angeupaka grisi."
Nikacheka pia. Nikaficha mikono mifukoni.

Alhamisi, 6 Machi
Ni mimi.
Siku ile geji ilikuwa ngumu kuingia. Pius alikwenda kunywa chai. Nikapaka grisi mdomoni mwa mitungi yote miwili. Ikaingia laini. Nilitaka kumsaidia. Kila mara alinifukuza pale: "Kaka, kanawe kwanza." Nilidhani ni maringo ya mchomeleaji.
Utotoni alikuwa akilamba chumvi kiganjani mwangu. Sijui kwa nini nimekumbuka hilo.

Ijumaa, 7 Machi
Kesho Masalu anafungua mtungi wa pili. Nikinyamaza, naua tena. Nikisema, Neema atajua nani alimfanya mjane. Namwogopa Neema kuliko polisi.

Baadaye. Nimewaambia wote wawili. Masalu alikaa chini, mchangani. Neema aliuliza kitu kimoja tu: "Shemeji, alikuona ukipaka?"
Hakuniona.
Akaondoka.

Jumamosi, 8 Machi
Masalu karudisha mtungi kwa muuza gesi, kapewa mwingine. Mabomba yote anayaosha kwa sabuni. Hajaniita kusaidia. Sawa.

Jumapili, 16 Machi
Ufukweni. Masalu alisimama kando ya geji, si mbele yake. Akafungua mtungi polepole sana. Mlio mwembamba tu. Nyambizi ikazama, ikakaa, ikarudi juu naye mzima.
Neema alikuwepo. Miaka yote huniamkia shikamoo. Leo kasema, "Habari za asubuhi."
Nikasema nzuri. Tukaangalia maji.