Kilio cha Mutu Muzima

Jumatatu, 6 mwezi wa tano

Leo tumelia mutu muzima, anayepumua! Asubuhi ile redio ya kujificha — leo iko hapa, kesho imehama, hata jina haina — imesoma communiqué, tangazo la kifo: Habineza, muuza fromage, ile jibini, jirani yangu hapa mtaani Birere, amefariki, maziko kesho. Wamama wakafika na maharagwe na viti vya plastiki, kilio toka barabarani. Nani anawafungulia mulango? Habineza mwenyewe, muswaki mdomoni! Mama Généreuse akatupa sufuria, mbio. Nilicheka mpaka machozi. Maharagwe yaliyobaki tumekula, mimi na maiti.

Saa sita communiqué ikarudi, na mukia: wa kabila lake wote watamufuata, warudi kwao. Kwao wapi? Kwao Habineza ni Masisi, si hapo tu, ukipita Sake? Sikucheka tena.

Jumanne, 7

Mawe juu ya mabati ya Habineza. Anafunga mizigo.

— Muzee Useni, mimi naenda.

Nikamwambia akae, maiti haipandi bisi ya kusafiri. Nimepeleka kiti changu mbele ya mulango wake, na fimbo. Vijana wakapita, mawe mkononi: Muzee, unachunga nini hapo? — Nachunga maiti. Karibuni mumuoshe! Wakatukana, wakaenda. Nikabaki palepale mpaka usiku. Nikaweka blanketi juu ya magoti, kama mutu wa baridi.

Alhamisi, 9

Substitut wa parquet, mwenye kushitaki watu kwa jina la serikali, amekuja kwetu mtaani, Mama Charline, mudogo hivi, sauti kubwa. Anasema sheria iko: kuchochea kabila juu ya kabila ni prison, jela. Sauti ya ile communiqué iko, watu waliirekodi kwa telefone. Kinachokosa ni mutu mumoja wa kusimama mbele ya juge, hakimu, aseme ni sauti ya nani. Nani anaijua?

Wote wakaangalia viatu. Hata mimi! Mimi ninayesema hata nikilala.

Maana naijua. «Jamaa na marafiki, wa karibu na wa mbali, mukae mukijua» — halafu kikohozi, kama mbuzi aliyekula pondu mbichi, majani ya muhogo. Ndivyo alivyosoma communiqué ya marehemu muke wangu Alima, wakati alikuwa bado kwa redio ya kweli, kabla ya kufukuzwa. Yusufu. Bwana wa binti yangu Farida.

Ijumaa, 10

Nimemukamata Yusufu mukono tukitoka musikitini. Ni wewe? Akasema, Baba, mimi nasoma tu karatasi wanayonipa. — Vizuri. Na mimi, mbele ya juge, nitasoma jina lako tu.

Akakasirika. Akanong'ona kwamba communiqué inayofuata inaweza kuwa yangu.

— Isome vizuri basi! Sema nilikuwa muzuri wa sura. Na usikohoe!

Kutoka pale, moja kwa moja kwa Mama Charline. Nimesema jina.

Jumatatu, 13

Wamemushika Yusufu juzi. Anakataa: si sauti yake. Mama Charline amenieleza wazi — nisiposema mbele ya juge, leo leo anarudi nyumbani. Na kwa redio.

Niko kwa couloir, nje ya mulango wa juge, nangoja. Kushoto Habineza, kofia juu ya magoti. Kuume Farida.

— Papa, ni baba ya watoto wangu.

— Na Habineza, yeye ni baba ya kuku?

Akacheka kidogo. Halafu akalia. Afadhali angenitukana.

Nikasema watoto watakula kwangu. Akasema, kula watakula, Papa. Lakini kila siku watakuuliza baba yao iko wapi, na utawajibu wewe, si mimi.

Hapo sina mzaha. Nimefungua daftari, naandika.

Huissier, mwitaji wa korti, ameita: Muzee Useni! Farida ameshika koti yangu, mikono miwili. Nikivuta, itapasuka. Ameita tena. Basi, koti ibaki naye — nitaingia na shati —