Komanda Alilia Muziki wa Kauboi

Dada Furaha,

Nakusalimu toka Nguba, kwa mama yetu mudogo, Tantine. Huku mvua haikatiki. Askari waliomuua mume wake wamekalia nyumba, na jana waliweka kaseti ya filamu ya kauboi aliyoipenda sana marehemu. Kauboi alipozikwa, harmonika ikaanza kulia peke yake, taratibu, na komanda wao akalia kama mutoto.

Tantine, aliyekuwa anawapakulia mboga ya sombe, akamuuliza: “Unamulilia muzungu wa filamu? Bwana yangu mulitukataza hata kumuimbia kwenye kaburi.”

Komanda akafuta macho. “Maman, nyamaza kidogo. Muziki iko inaendelea.”

Tantine akaweka mwiko chini. Nilimushika mukono mpaka muziki ukaisha.

Umukumbatie Maman. Umwambie tu dada yake anakula na analala.

Ndugu yako anayekupenda,
Safari