Yaya Ramazani na Gurudumu la Kushoto

Kasongo, Jumapili

Mdomo bado unavimba. Yaya Ramazani, kaka yangu mkubwa, amenipiga na chuma cha jeki, nami nikampiga.

Tangu tutoke Lusangi gari letu la abiria lilikuwa linagonga mbele kushoto kila tukiingia shimoni. Yaya, ambaye ndiye dereva, alisema ni mpira tu umechakaa. Leo, abiria wa Kabambare wakiwa wamekwisha kupanda, niliinua gari, nikatikisa gurudumu juu na chini. Likacheza. Nikatia funguo za gari mfukoni.

"Yaya, rotule imekufa. Gurudumu itachomoka na watu ndani."

"Leta funguo."

"Sileti."

Hapo ndipo aliponipiga. Nilionja damu, nikamrukia, nikamkaba shingo, nikagonga kichwa chake kwenye bampa hadi akina mama abiria walipotuachanisha.

Kisha nikapiga nyundo ile rotule, kiungo kinachoshika gurudumu. Kikachomoka kwa pigo moja. Abiria wakateremka. Yaya alikitazama, akatema damu, akasema, "Basi."

Haki ilikuwa yangu. Lakini wakati akina mama wale wananivuta niliona macho yake yanafumba, na mikono yangu haikutaka kumwachia shingo. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.